Maswali mnayoniuliza kila mwaka kuhusu tarehe 4 Julai ya Wamarekani

Kila Juni ikiisha grupu la familia linaanza. Shangazi wa Tanga anauliza kama nimepewa likizo huku Marekani ninakoishi, binamu yuko Kigali anatuma picha za bendera anasema hata huku ni sikukuu, na kuna mjomba mmoja (anajijua) ambaye chochote ukisema anabisha. Nimechoka kujibu kwa voisi noti kila mtu peke yake, nimeamua niandike mara moja niwe natuma linki tu.

Jambo moja mkae nalo wakati mnasoma. Vitu vilivyotokea Marekani tarehe 4 Julai ni vingi mno mpaka mtu anaanza kuhisi kuna mkono wa mtu, na ukichunguza, mara nyingi kweli upo. Watu wameivizia hii tarehe kwa makusudi zaidi ya miaka mia mbili. Lakini kuna machache yamejiendea yenyewe, hayo ndo yanatisha. Kwa hiyo nitakuwa nawaambia lipi lilipangwa na lipi ni sadfa.

Kwanza kabisa, siku hiyo wanasherehekea nini?

Azimio la Uhuru. Mwaka 1776 makoloni 13 ya Uingereza yalikuwa yameshaanza kupigana vita na mfalme tangu mwaka uliopita, wajumbe wao wakakaa Philadelphia, na tarehe 4 Julai wakapitisha maandishi ya kueleza dunia kwanini wanajitoa. Aliyeyaandika kwa sehemu kubwa ni Thomas Jefferson, kijana wa miaka 33, akiwa kwenye kamati ya watu watano pamoja na John Adams na mzee Benjamin Franklin.

Angalieni tofauti na sisi. Sisi Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 ilikubaliwa mezani kabla, Mwingereza akashusha bendera yake mwenyewe usiku tukapandisha ya kwetu. Hawa walijitangazia tu, Mwingereza akagoma, ikapiganwa mpaka mkataba wa Paris wa Septemba 1783. Kwa hiyo ile siku wanayoiita ya uhuru ilikuwa bado miaka saba na kitu ya kupigana.

Kwa hiyo walijitoa kwa mfalme tarehe 4?

Hapana, tarehe 2! Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai, makoloni 12 yakasema ndiyo na New York ikajizuia kwa sababu wajumbe wake hawakuwa na ruhusa kutoka nyumbani, wakaja kukubali tarehe 9. Siku mbili za katikati walikuwa wanahariri maandishi ya Jefferson, wanakata hiki wanabadili kile, mwenyewe amekaa pembeni roho inamuuma.

John Adams tarehe 3 alimwandikia mkewe Abigail kwamba tarehe 2 Julai itakumbukwa na vizazi vyote, kwa gwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto kutoka pembe moja ya bara mpaka nyingine. Kila kitu alipatia isipokuwa tarehe. Ilivyokuwa ni kwamba karatasi iliyochapwa usiku wa tarehe 4 na kusambazwa makoloni yote juu yake imeandikwa Julai 4, watu wakashika hiyo waliyoiona kwa macho.

Lakini si ndo siku waliyosaini wote?

Wengi walisaini tarehe 2 Agosti, baada ya nakala nzuri kuandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na wengine walichelewa zaidi ya hapo. Jumla ni watu 56. Ule mchoro mkubwa mnaouona nyuma ya noti ya dola 2 (ile noti watu wanaikunja kwenye waleti wakisema inaleta bahati) sio kusaini, ni kamati inakabidhi rasimu.

Na kengele ya uhuru iligongwa siku hiyo ikapasuka?

Stori hiyo imetungwa miaka ya 1840 na mwandishi wa hadithi, watu wakaipenda ikakaa. Azimio lilisomwa hadharani mara ya kwanza Philadelphia tarehe 8, sio tarehe 4. Mjomba, usibishe.

Ni kweli marais wawili walikufa siku moja, na siku yenyewe ndo hiyo?

Hapa ndo mahali napenda kuliko pote, vumilieni nitaandika sana.

Ni kweli. Tarehe 4 Julai 1826, siku Azimio linatimiza miaka 50 kamili, walikufa John Adams rais wa pili na Thomas Jefferson rais wa tatu. Siku moja. Na hawa sio watu wawili tu waliowahi kuwa marais, hawa ndo walikaa kwenye ile kamati ya watu watano.

Historia yao ni kama ya ndugu wawili wa kijiji kimoja. Walianza marafiki wakubwa. Baadaye siasa ikawaingilia, Adams akawa rais, Jefferson makamu wake na huku anampinga, uchaguzi wa 1800 ukawa wa matusi kwelikweli na Jefferson akashinda. Asubuhi ya kuapishwa Jefferson, Adams aliondoka mjini kabla hakujapambazuka, hakutaka hata kushuhudia. Wakanuniana zaidi ya miaka kumi. Rafiki yao mmoja daktari, Benjamin Rush, akawa anawapatanisha kwa barua, huku anamwambia hivi kule anamwambia vile, mpaka mwaka 1812 Adams akaandika ya kwanza. Kuanzia hapo barua zaidi ya 150 zikaenda na kurudi mpaka mwaka wa kifo chao, wazee wawili wanazungumzia dini, vitabu, uzee na wenzao waliokufa.

Ilipokaribia miaka 50 wote walikuwa wanaalikwa kila mahali na wote wamechoka. Jefferson miaka 83, yuko kitandani nyumbani kwake Monticello, Virginia. Waliokuwa wanamuuguza walisema usiku wa tarehe 3 alikuwa anaamka anauliza kama tarehe 4 imefika. Akafa tarehe 4 mchana, karibu saa saba. Adams ana miaka 90, yuko Quincy, Massachusetts, mamia ya maili kaskazini. Siku chache kabla watu wa mji wake walimfuata wakamuomba neno la kusoma kwenye sherehe, akasema "Uhuru milele!", wakamuuliza kama ataongeza chochote, akasema hapana, hata neno moja. Inasimuliwa kwamba mwishoni alitamka kuwa Thomas Jefferson bado yu hai. Akafa jioni kama saa kumi na mbili. Mwenzake alikuwa ameshatangulia saa tano kabla na hakuna simu wala telegrafu ya kumwambia.

Na aliyekuwa rais wakati huo ni nani? John Quincy Adams, mtoto wa marehemu. Habari za Jefferson zilimfikia Washington, za baba yake akazikuta njiani akiwa anaenda kumuona.

Sadfa au makusudi? Wapo wanaosema mgonjwa mahututi anaweza kujikaza afikie siku anayoitaka, hata kwetu mnajua wazee wanaosubiri mtoto wa mwisho afike kutoka safari ndo wakate roho. Mmoja nakubali. Wawili kwa siku moja, sina la kusema.

Nasikia kuna na wa tatu?

Yupo, James Monroe, rais wa tano, alikufa New York tarehe 4 Julai 1831, miaka mitano kamili baadaye. Kwa hiyo katika marais watano wa kwanza, watatu wamekufa tarehe moja.

Na karibu wawe wanne. James Madison, rais wa nne, alikuwa anakufa mwishoni mwa Juni 1836, na inasimuliwa madaktari walitaka kumpa dawa za kumsogeza mpaka tarehe 4 ili aungane na wenzake. Akakataa. Akafa tarehe 28 Juni, siku yake mwenyewe. Huyu mzee namheshimu.

Huyo Jefferson aliyeandika watu wote wameumbwa sawa, si alikuwa na watumwa?

Zaidi ya 600 katika maisha yake yote. Kwenye rasimu yake aliweka kipande kirefu cha kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, wenzie wakakikata, lakini hata kama kingebaki, mwandishi mwenyewe nyumbani kwake kahawa ilikuwa inaletwa na mtumwa.

Na stori ya kifo chake huwa inaishia pale kwenye utamu wa tarehe, watu hawaendelei na kilichofuata. Jefferson alikufa na madeni makubwa sana. Kwenye wosia aliwaacha huru wanaume watano tu. Januari 1827, miezi sita baada ya ile tarehe 4 ya ajabu, wengine wapatao 130 walipelekwa mnadani palepale Monticello, mume kule mke huku, watoto kwa mnunuzi mwingine. Hao ndo waliolipa madeni ya aliyeandika Azimio la Uhuru.

Basi Wamarekani weusi waliichukuliaje hii siku?

Inategemea wapi na lini. Jimbo la New York lilitunga sheria kwamba utumwa utakwisha humo tarehe 4 Julai 1827, hilo lilipangwa, tarehe imechaguliwa kabisa. Na siku ilipofika weusi wengi wa huko wakafanya maandamano yao tarehe 5. Sehemu moja ni woga, tarehe 4 wazungu wanakunywa na wakilewa wanatafuta mtu wa kupiga, sehemu nyingine ni kusema hii yenu na hii yetu.

Ndo maana hotuba maarufu kuliko zote kuhusu tarehe 4 Julai ilitolewa tarehe 5. Mwaka 1852 mjini Rochester, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alialikwa na kina mama wanaopinga utumwa azungumzie sikukuu. Akaanza kwa adabu akawasifu waasisi, halafu akawageukia na kuwauliza mtumwa wa Marekani hii tarehe 4 Julai yenu ni nini kwake. Ukumbi mzima. Nikiisoma huwa naona aibu kwa niaba ya waliokaa viti vya mbele.

Kuna rais aliyezaliwa tarehe hiyo?

Mmoja tu, Calvin Coolidge, rais wa 30, mwaka 1872, Plymouth Notch, Vermont, kwenye nyumba iliyoshikana na duka la baba yake. Mtu wa maneno machache mno. Cha kuchekesha hata urais aliupatia kijijini hapohapo, rais Harding alikufa Agosti 1923 usiku, Coolidge yuko likizo kwa wazee, baba yake alikuwa na mamlaka ya kuapisha watu akamuapisha mwanaye sebuleni kwa mwanga wa taa ya mafuta, karibu saa tisa usiku. Halafu akarudi kulala.

Wengine waliozaliwa au kufa siku hiyo?

Wapo wengi, nawataja ninaowapenda mimi.

Nathaniel Hawthorne mwandishi, Salem, 1804. Stephen Foster mtunzi wa nyimbo, alizaliwa 1826 karibu na Pittsburgh, yaani siku ileile hasa ya kifo cha Adams na Jefferson, kwa hiyo wakati wazee wawili wanaondoka kuna kachanga kanalia Pennsylvania.

Bill Withers, 1938, Slab Fork, West Virginia, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Kabla ya muziki alikuwa fundi kiwandani anafunga vyoo vya ndege. Wazee wa Kinshasa wanamkumbuka, alipanda jukwaani kule mwaka 1974 kwenye lile tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman. Vijana mtaniambia Post Malone, ndiyo, 1995.

Malia Obama, mtoto mkubwa wa Barack, alizaliwa Chicago tarehe 4 Julai 1998. Watu wa Siaya hii mnaijua kuliko mimi. Baba yake alipokuwa Ikulu alikuwa anatania kwamba fataki zote zile ni kwa ajili ya bethdei ya mtoto.

Waliokufa: Hannibal Hamlin, makamu wa kwanza wa rais Lincoln, mwaka 1891 alidondoka akiwa anacheza karata klabuni Bangor, Maine. Na Barry White mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, Los Angeles, 2003.

Mbona miradi mikubwa yote ya zamani ilizinduliwa tarehe hiyo?

Makusudi matupu. Ni kama sisi kiongozi kusubiri siku ya sikukuu ndo akazindue kisima. Mfereji wa Erie ulianza kuchimbwa Rome, New York, tarehe 4 Julai 1817, ukaunganisha maziwa makuu na mto Hudson, ukaisha 1825, ndo uliofanya New York iwe New York.

Tarehe 4 Julai 1828 ilikuwa kichekesho. Baltimore walikuwa wanazindua reli, akachimba udongo wa kwanza Charles Carroll, mzee wa miaka 90, ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wale 56 waliosaini. Siku hiyohiyo, karibu na Washington, rais John Quincy Adams anazindua mfereji wa kushindana na hiyo reli. Akapiga sepetu ikagonga mzizi. Akapiga tena, mzizi. Akavua koti, akapiga kwa hasira mpaka ukakatika, watu wakashangilia kweli, na huyu jamaa hakuwa mtu wa kushangiliwa hata kidogo. Reli ikaja kuushinda mfereji, mzizi ulikuwa umeshaonya.

Nguzo ya Washington jiwe la msingi 1848, tarehe 4 tena. Miaka miwili baadaye, 1850, rais Zachary Taylor alikwenda kwenye sherehe hapohapo kwenye jua la kuua, akarudi Ikulu akala cheri nyingi na maziwa ya baridi, tumbo likamshika, tarehe 9 akafa. Shangazi, usiseme sikukwambia kuhusu matunda na maziwa.

Na vitani?

Vicksburg, 1863, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini. Mji wa Mississippi uliokuwa na ufunguo wa mto, jenerali Grant wa Kaskazini aliuzingira siku 47, raia wanaishi kwenye mapango waliyochimba kilimani, wamefika kula nyumbu (mtoto wa punda na farasi, sio yule wa porini). Kamanda wa Kusini aliyekuwa ndani, Pemberton, akakubali kusalimu amri tarehe 4 Julai na aliichagua hiyo siku kwa hesabu zake. Alisema anawajua watu wa Kaskazini, anajua majivuno yao, siku hiyo watatoa masharti mazuri zaidi. Alijuaje? Mwenyewe kazaliwa Philadelphia, ameoa Virginia akahamia upande wa pili. Na kweli wanajeshi wake karibu 29,000 waliachiwa kwa ahadi ya kutopigana badala ya kupelekwa kifungoni. Ila watu wa mji wakaibeba kama aibu, miaka na miaka Vicksburg wazungu hawakuisherehekea tarehe 4 kwa moyo.

Siku hiyohiyo jenerali Lee wa Kusini alikuwa anarudi nyuma kwenye mvua baada ya kupigwa Gettysburg. Gettysburg ni sadfa. Vicksburg ni makusudi.

Lile pambano la ngumi la 1910 lina uhusiano gani na sikukuu?

Promota aliiweka siku hiyo ajaze watu. Reno, Nevada, Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu, dhidi ya James Jeffries, bingwa wa zamani aliyekuwa amestaafu zaidi ya miaka mitano amekaa shambani, amenenepa, wakamtoa huko wakimwita tumaini la wazungu. Pambano lilipangwa raundi 45. Johnson alimchezea, anaongea naye huku anampiga, anacheka na waliokaa pembeni, raundi ya 15 akamshusha.

Usiku huo miji mingi ikawaka, wazungu wakawavamia weusi waliokuwa wanashangilia, watu wakafa. Halafu kesi ikahamia kwenye filamu ya pambano, miji ikaipiga marufuku, na 1912 bunge likakataza kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja kwenda lingine. Yaani kupigwa ngumi mzungu mmoja kukatungiwa sheria.

Nyota za bendera zinaongezwa lini?

Tarehe 4 Julai, kisheria tangu 1818. Jimbo likiingia, nyota yake inasubiri tarehe 4 inayofuata. Alaska iliingia Januari 1959 nyota ikapandishwa Julai 4, Hawaii ikaingia Agosti mwaka uleule ikasubiri mpaka Julai 4, 1960. Kwa hiyo bendera ya nyota 49 iliishi mwaka mmoja tu, ukiikuta mnadani usiiache.

Ufilipino nao walipewa uhuru siku hiyo, au nimechanganya?

Hujachanganya. Marekani iliwatawala, ikawaachia tarehe 4 Julai 1946, na tarehe ilichagua Marekani. Ni kama mtu akuoze halafu harusi yako iwe siku ya bethdei yake. Wafilipino wakaivumilia mpaka 1962, rais Macapagal akaihamishia tarehe 12 Juni, siku waliyojitangazia wenyewe dhidi ya Hispania mwaka 1898.

Binamu wa Kigali anauliza: na sisi je?

Rwanda tarehe 4 Julai ni siku ya ukombozi, Kwibohora, kwa sababu mwaka 1994 siku hiyo wapiganaji wa RPF waliichukua Kigali. Haihusiani na Marekani kabisa, vita haingoji kalenda ya mtu.

Ila kuna kitu huwa kinanisisimua. Wamarekani wanaandika mwezi kwanza, tarehe yao ni 7/4. Sisi tukisoma hiyo ni tarehe 7 Aprili. Na 7 Aprili ndo siku ambayo Rwanda inaanza kuomboleza mauaji ya kimbari, na kwetu ni Karume Day. Kwa hiyo Mnyarwanda aliyeko Marekani akiona "7/4" kwenye kalenda ya ukutani anaona mwanzo wa yale mauaji na siku Kigali ilipotwaliwa, tarakimu zilezile. Rafiki yangu mmoja ndo alinionyesha, na tangu hapo siwezi kuacha kuona.

Na Entebbe?

Sadfa nyingine. Ndege ya Air France ilitekwa tarehe 27 Juni 1976 ikapelekwa Entebbe, Amin akiwa madarakani, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakatua, wakaokoa mateka zaidi ya mia, wakapitia Nairobi kujaza mafuta. Walikufa mateka kadhaa, askari wengi wa Uganda, na kamanda Yonatan Netanyahu. Amin alilipiza kwa Wakenya waliokuwa Uganda, wengi wakauawa, hilo kwenye simulizi nyingi za nje huwa halitajwi.

Sasa asubuhi hiyo Marekani inatimiza miaka 200, meli za matanga zinaingia bandari ya New York, na redioni habari kubwa ni Uganda.

NASA nao wanaipenda?

Wana ugonjwa nayo. Chombo cha Pathfinder kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997 na kigari kidogo ndani yake, 2005 wakagongesha chombo kwenye nyota-mkia Tempel 1 makusudi kuona ndani kuna nini, 2016 Juno ikaingia kwenye mzunguko wa Jupita.

Nina miadi ya viza, ubalozi wa Marekani utakuwa wazi?

Hapana. Ni sikukuu ya serikali nzima (tangu 1870) na balozi zao hufunga. Ikiangukia Jumamosi wanapumzika Ijumaa, ikiangukia Jumapili wanapumzika Jumatatu. Mfano 2026, mwaka wa 250, ni Jumamosi, hivyo Ijumaa tarehe 3 ndo ya mapumziko. Wapenda mpira, hiyohiyo tarehe 4 ratiba ya Kombe la Dunia iliwekewa mechi ya 16 bora Philadelphia, mjini hapohapo pa Azimio. Sihitaji kusema kama hilo ni sadfa au makusudi.

Fataki za New York tunaziona saa ngapi kwetu?

Huwa ni saa tatu na kitu usiku kule, Afrika Mashariki ni saa kumi na kitu alfajiri ya tarehe 5. Anayeswali alfajiri atazikuta.

Na wewe unafanyaje siku hiyo?

Nachoma nyama kama kila mtu, ila ya kwangu ina ndimu na pilipili. Nilipokuwa nafanya kazi ghalani nilikuwa naomba zamu siku hiyo kwa sababu malipo yalikuwa mara moja na nusu. Mchana naangalia yale mashindano ya kula hotdogi Coney Island, rekodi ni ya Joey Chestnut, 76 kwa dakika 10, mwaka 2021. Mama alidhani namtania nikamtumia video, hakunijibu siku mbili.

Mwisho: Louis Armstrong kazaliwa tarehe 4 Julai au hapana?

Mjomba ndo kauliza, na safari hii kapatia kubisha. Armstrong maisha yake yote alisema amezaliwa New Orleans tarehe 4 Julai 1900. Miaka mingi baada ya kifo chake ikapatikana rekodi ya ubatizo kanisani: 4 Agosti 1901. Sidhani kama alikuwa anadanganya. Mtoto wa maskini, baba hayupo, nani alikaa kuandika? Ni kama babu zetu waliozaliwa mwaka wa nzige, au hawa ndugu zetu waliotoka kambi za wakimbizi Kigoma wakafika huku ukumbi mzima una bethdei tarehe 1 Januari kwa sababu karani wa makaratasi alihitaji kujaza nafasi. Ukiwa unachagua tarehe mwenyewe, kwanini usichague ile ambayo nchi nzima inakupigia mizinga.

Akawa anaisherehekea kila mwaka. Alikufa tarehe 6 Julai 1971, siku mbili baada ya bethdei ambayo haikuwa yake.